Mbuzi Aliyelia Tumboni

Rajkot, nchini India, miaka ya 1880. Kijana mmoja anaogopa giza, nyoka na wezi. Halali bila taa. Rafiki yake haogopi kitu, ana mbio na anaruka juu, na siri yake anaisema wazi: nyama. Hata Waingereza, anasema, wanatutawala kwa sababu wanaila.

Kijana huyo ni Mohandas Gandhi, mtoto wa nyumba ya Kihindu isiyogusa nyama. Mara ya kwanza walijificha kando ya mto. Nyama ya mbuzi ilikuwa ngumu kama ngozi, ikamshinda. Usiku, kila usingizi ulipomchukua, alihisi mbuzi mzima analia tumboni mwake. Na bado alirudi. Kwa muda wa mwaka hivi alikula karamu za siri kama tano au sita, na kila akitoka huko alimwambia mama yake kwamba hana hamu ya kula, tumbo halijakaa sawa.

Alikuwa anakula nini hasa? Nadhani alikuwa anakula ile miguu ya rafiki yake, iliyojua kukimbia.

Nami nilipokuwa shule ya bweni, nyama ilikuwa ya Jumapili tu, vipande viwili juu ya wali. Mwenzangu niliyekuwa nakaa naye meza moja aliacha nyama ghafla. Hakutuhubiria, alisogeza tu vipande vyake upande wangu. Jumapili ya tatu nikaona haya kuvila, na mimi nikaacha. Shule ikafungwa, mama akachinja kuku, nikamaliza paja zima kabla sijakumbuka.

Uamuzi wangu ule ulikuwa wa nani, basi? Gandhi naye aliacha kwa sababu alichoka kuwadanganya wazazi, huku akijiambia kwamba siku akiwa huru ataila waziwazi. Alipokwenda London mwaka 1888 alikuwa bado amefungwa na kiapo alichomwapia mama yake kwamba hatagusa nyama. Ni huko, mbali na mama na mbali na rafiki, alipokisoma kitabu cha Henry Salt cha kutetea kutokula nyama, alichokinunua kwenye mkahawa wa wasiokula nyama, ndipo akachagua mwenyewe.

Lakini kabla ya rafiki yule, kutokula nyama kulikuwa kama jina alilopewa utotoni: hakuna anayejiuliza kwa nini anaitwa hivyo. Rafiki ndiye aliyeleta swali. Gandhi aliandika baadaye kwamba urafiki ule ulikuwa msiba maishani mwake, na kwa mengine aliyotendewa sina la kumtetea mtu yule. Kwa hili la nyama, mimi simhukumu.