Shukrani Zimfikie Mwalimu Angali Hai



Katika Sala ya Jioni twaimba Wimbo wa Simeoni. Mzee yule alingoja siku nyingi, na Mungu hakumwacha afe kabla ya kukiona alichokingojea. Mwezi huu twapenda kuwasimulia habari za mzee mwingine, mwalimu wa bendi ya shule, ambaye naye alijaliwa kuona kabla ya kuondoka.

Jina lake ni Conrad Johnson. Alizaliwa mwaka 1915 katika mji wa Victoria, jimbo la Texas, Marekani, akakulia Houston. Alikuwa mpiga saksafoni hodari, lakini nguvu zake alizitoa kwa ualimu. Alianza kufundisha mwaka 1941, akaendelea kwa miaka 37. Miaka yake ya mwisho kazini alikuwa katika shule ya sekondari ya Kashmere, mtaa wa watu Weusi huko Houston, ambako familia nyingi hazikuwa na uwezo mkubwa. Wanafunzi walimwita "Prof".

Mwaka 1967 alimwona mwimbaji Otis Redding jukwaani, na jambo hilo likamfungua macho. Akaona kwamba vijana wake waweza kuupiga muziki wanaoupenda wenyewe, yaani fanki, muziki wa dansi wa siku zile, nao wakaupiga kwa nidhamu ya watu wazima. Basi aliwatungia nyimbo, akawafundisha kusoma noti, akawadai mazoezi. Hakuwaambia, "Ninyi ni watoto wa mtaa maskini, hiki kidogo kinawatosha."

Matunda yalionekana. Miaka ya mwanzo ya 1970 bendi ya Kashmere ilishinda mashindano mengi, ambako mara nyingi ilishindana na bendi za shule za Wazungu. Ilitoa santuri zake yenyewe. Vijana wale walisafiri mpaka Ulaya na Japani, na mtaa mzima ukajivunia watoto wake.

Mwaka 1978 mwalimu alistaafu. Vijana walitawanyika, kila mmoja akashika maisha yake. Wako walioweka tarumbeta zao kando wasiziguse tena kwa miaka 30. Mtu angeweza kusema kwamba kazi ya mwalimu yule imekwisha, imebaki katika santuri tu.

Lakini mapema mwaka 2008 wanafunzi wale wa zamani walirudi Houston. Sasa walikuwa watu wazima wa miaka 50 na zaidi. Vidole vilikuwa vizito na pumzi zilikuwa fupi, lakini walikaa wakafanya mazoezi upya. Ijumaa, tarehe 1 Februari, walipiga muziki mbele ya mwalimu wao, mzee wa miaka 92, naye akawasikia. Jumapili, tarehe 3, akafariki dunia. Kati ya siku hizo mbili ni tarehe 2 Februari, siku ambayo Kanisa hukumbuka jinsi mtoto Yesu alivyoletwa hekaluni na mzee Simeoni akampokea mikononi.

Ndugu zetu, katika Injili ya Luka, sura ya 17, twasoma habari za wakoma kumi walioponywa. Mmoja tu ndiye aliyerudi kushukuru, na Bwana wetu akauliza habari za wale tisa. Kwa swali hilo twajua kwamba shukrani si adabu tu. Ni deni, nalo humtaka mtu ageuke njiani na kurudi.

Tena tuangalie walichokileta wanafunzi wale. Walimletea mwalimu wao kile kile alichowapa, wakiwa wamekitolea jasho tena. Hiyo ndiyo shukrani iliyo kamili: mwalimu aone kwamba alichokipanda kingali hai ndani ya mtu.

Katika mazishi yetu husomwa risala ndefu za sifa. Ni vema, lakini marehemu hazisikii. Je, yuko wapi aliyekufundisha kuimba sauti ya pili katika kwaya? Yuko wapi mama wa Shule ya Jumapili aliyekushika mkono ukasoma somo lako la kwanza mbele ya watu? Pengine anakaa nyumba ya tatu kutoka kwako, macho yamefifia, hana wa kumpigia hodi. Mwendee kabla mwezi huu haujaisha. Mwimbie wimbo aliokufundisha, au msomee sura moja.

Nanyi mnaofundisha watoto wetu sasa, msivunjike moyo wasipogeuka nyuma leo. Miaka 30 ni mingi kwetu, lakini mbele za Mungu haipotei.

Bwana atujalie moyo wa yule mmoja aliyerudi. Amina.