Haki ya Mgeni na Mlango wa Karatasi

Liko swali ambalo yatupasa tulifikiri kwa utulivu: sheria ikimpa mtu haki, kisha njia ya kuifikia ikawa ngumu hata asiweze kuipita, je, mtu huyo amepewa au amenyimwa?

Tutazame Kabiria, magharibi ya mji wa Nairobi. Huko, na kwa jirani zake Kawangware na Riruta, wamekaa jamaa wengi waliokimbia vita vya Kongo, Rwanda na Burundi. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 yataka kitambulisho cha mkimbizi kitoshe kumpatia mwenyewe huduma. Na ile ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 haikuwasahau wageni wakaazi. Maneno ni mazuri. Lakini mfikiri mama mfua nguo. Kwanza akitafute hicho kitambulisho, na kwa miaka mingi wakimbizi wa Nairobi wameandikishwa Shauri Moyo, upande wa pili wa mji: kwenda na kurudi ni nauli, na siku isiyo na kazi ni siku isiyo na chakula. Kisha aulizwe kuta za nyumba yake ni za nini na apikia nini, ili akadiriwe mchango usiopungua shilingi 300 kwa mwezi. Naye, kwa kuwa hana mshahara, hutakiwa kutoa wa mwaka mzima kwa mara moja!

Atasema msemaji: pasipo karatasi, waongo watakula haki ya wenye shida. Ni kweli, wala hatusemi daftari zichomwe moto. Mali ya umma ni amana. Lakini kumpa asiyestahiki ni khiyana, na kumzuia anayestahiki ni khiyana vile vile. Ajabu ni kuwa ile ya kwanza ina wakaguzi, na hii ya pili haina. Kwani aliyerudishwa mlangoni haandikwi popote.

Wala mtu wa pwani asiseme haya ni mambo ya bara. Wamakonde wa Kwale walikwenda Nairobi kwa miguu mwaka 2016 kudai vitambulisho. Wapemba, ambao tumevua nao samaki tangu zama za babu zetu, hawakutambuliwa kuwa kabila la Kenya ila mwaka 2023. Mzee wao asiye na kitambulisho hakuweza kuandikwa katika Inua Jamii, apate zile shilingi 2,000 za mwezi wapewazo wenye miaka 70. Je, njaa yake ilikuwa ya kigeni?

Kwa rai yetu, mzigo wa kuthibitisha aubebe zaidi mwenye nguvu ya kuubeba. Serikali ina magari na makarani. Karani na aende Kabiria na daftari lake. Na sisi tujuao kusoma na kuandika, tuwajazie fomu wasioweza, bila ya kuwatoza hata senti.