Mwache Akushike Wewe

Mjukuu wangu, egesha mkokoteni pembeni usizibe njia ya watu, uje uketi hapa juu ya mtumba. Jana ulifanya jambo ukidhani ni wema, nami sikutaka kukusema mbele ya mgeni.

Yule binti asiyeona alipokuja kutafuta raba za kukimbilia, ulimkamata mkono ukamvuta kutoka barabarani hadi mezani kwangu. Aligonga goti kwenye ukingo wa meza, akanyamaza. Siku nyingine simama kando yake, jitaje wewe ni nani, mpe kiwiko. Mwache akushike wewe. Akikushika, mwili wako unamwambia penye mtaro, penye matope na penye kupanda. Ukimshika wewe, hajui lolote ila kwamba anavutwa.

Uliona alivyochagua? Wenye macho hutazama rangi na jina la kampuni. Yeye alipitisha kidole gumba chini ya soli, polepole, akitafuta pale ilipolika kwa mwenyewe wa kwanza. Pea tatu alizirudisha. "Huyu alikuwa akikanyagia upande wa nje," akaniambia, "nikivaa hizi kifundo kitaniuma." Nimeuza viatu hapa Gikomba tangu wewe hujazaliwa, na sijapata mteja anayesoma kiatu namna ile. Kisha akauliza kama kuna kijana wa kukimbia naye asubuhi, maana aliyekuwa akimwongoza amepata kazi mbali. Nawe, unayetoka Quarry Road hadi steji ya Machakos na mzigo mzima bila kutweta, ukainamisha kichwa.

Sikia habari za Henry Wanyoike wa Kikuyu. Mwaka 1995, akiwa kijana wa miaka 20 na tayari anakimbia vizuri, alilala akiona, akaamka haoni. Ni kiharusi. Alikata tamaa kwa muda mrefu, baadaye akaenda Machakos kujifunza kufuma sweta, na mwishowe akarudi mbioni. Mwaka 2000 alishindana Sydney katika Paralimpiki, mita 5,000. Wakiwa mbele, karibu na kumaliza, mwongozaji wake ambaye alikuwa mgonjwa akaishiwa nguvu. Na asiyeona kabisa haruhusiwi kufika peke yake. Basi Wanyoike akamkokota mwenzake hadi mstarini, akatwaa dhahabu. Asiyeona ndiye aliyemvuta anayeona! Kila nikizikumbuka mbio hizo nasisimka.

Baadaye kamba ya kumwongozea, ambayo kila mmoja hushika upande wake, ilishikwa na Joseph Kibunja, rafiki wa utotoni aliyekuwa akikimbia naye kwenda shule. Athens 2004 wakaleta dhahabu mbili, ya mita 5,000 na ya mita 10,000. Mwaka uliofuata wakakimbia marathoni ya London kwa saa 2, dakika 32 na sekunde 51, na wiki moja tu baadaye ile ya Hamburg kwa saa 2, dakika 31 na sekunde 31. Hata kukimbia nyuma yao huwezi leo, mjukuu wangu. Kibunja alihitaji kuwa na pumzi za mbio hizo na pumzi nyingine za kusema njiani: kona, nyooka, mtu mbele.

Kuna sheria moja nataka uishike, kwa sababu nakujua unavyopenda kufika kwanza. Mwongozaji akivuka mstari kabla ya mwenzake, mbio zimeharibika na jasho la wote wawili limepotea. Wala humvuti, humsukumi. Mkono wako unakwenda na wake, hatua kwa hatua, kama mtu na kivuli chake. Siku hizi mwongozaji naye huvishwa medali, na ni haki.

Watu husema Kenya ni taifa kubwa la riadha. Paris 2024 wanariadha wetu walirudi na medali 11 za Olimpiki. Wiki chache baadaye, mji uleule, Paralimpiki ilitupa moja tu, fedha ya Samson Opiyo katika kuruka umbali. Tokyo vilevile tulipata moja: shaba ya Nancy Chelangat Koech, mita 1,500, kamba ikiwa mkononi mwa Geoffrey Rotich. Kwa michezo hii sisi bado ni nchi ndogo, na si kwa kukosa miguu. Tumewaacha watu wetu wakae ndani.

Najua ninachosema. Nilikuwa na kaka asiyeona. Wageni wakija, nilitumwa mimi nimpeleke nyuma ya nyumba, nami nilimshika mkono hivyohivyo ulivyomshika binti wa watu. Alikuwa na miguu mirefu kuliko sisi sote. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza kama angependa kukimbia. Alizikwa bila kuulizwa.

Binti amesema atakuwa kwenye uwanja wa Kamukunji kesho saa kumi na moja alfajiri. Kamba ni hii, nimeikata kwenye kamba ya buti na kuifunga kitanzi kila upande. Haivutiki kama lastiki, nimeijaribu. Raba zako namba tisa ziko chini ya meza, sitaki pesa. Ukifika, msalimie, mtajie jina lako, kisha ngoja akushike yeye.