Kutaja Maradhi ni Kutoa Ushahidi

Mtu anapofikishwa hospitali usiku, mguu umemvimba kwa mara ya tatu au ya nne na sababu haijajulikana, watu wawili hukimbilia kusema. Jirani husema, "Huyu kategwa." Daktari aliyechoka husema, "Hana kitu, uvimbe utashuka." Wa kwanza ametuhumu watu, wa pili amemkanusha mgonjwa. Je, ni yupi kati yao aliyekiona anachokisema?

Kutaja maradhi ni mithili ya kutoa ushahidi. Shahidi hasemi ila alichokiona, tena huulizwa alikiona wapi na saa ngapi. Tazama matende, maradhi tuyajuayo sana sisi watu wa Pwani. Vijidudu vyake, vinavyoenezwa na mbu, aghalabu hujitokeza katika damu usiku, baina ya saa nne na saa nane. Zamani, aliyepima damu mchana akasema "hakuna" alisema kweli juu ya tone lile tu, wala si juu ya mgonjwa. Siku hizi kipo kipimo kifanyacho kazi hata mchana. Lakini fundisho limebaki pale pale.

Mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, hasa baada ya kuzaa, kupasuliwa au safari ndefu, huenda damu imeganda mshipani. Bonge hilo likimeguka likafika mapafuni, laweza kuua; basi mgonjwa apelekwe hima. Ikivimba yote miwili, hutazamwa moyo, figo na ini. Na uko uvimbe wa kurithi, alioueleza tabibu William Osler mwaka 1888, unaokuja na kuondoka wenyewe bila ya kuwasha. Ukishika koo, pumzi huweza kukatika. Mwenye nao huenda akaambiwa anajisingizia, kwa kuwa amefika kwa daktari uvimbe umekwisha shuka.

Basi yatupasa nini? Daktari asione haya kusema "sijui bado", kisha asiache kutafuta. Kusema "sijui" na kumrudisha mtu nyumbani ni kumtupa. Nasi wa nyumbani, badala ya kutaja majirani, tuandike: mguu upi, siku gani, homa ilitangulia au la, kanywa dawa gani, nani katika ukoo aliwahi kuvimba hivyo. Ushahidi huo ndio utakaomfaa mgonjwa wetu. Ama jirani aliyekwisha kuitwa mchawi, jina lake halirudi safi, hata mguu ukipona.