Udhuru wa Asiyejua Kuogelea

Mwaka 1972 mwanafalsafa Peter Singer alichapisha makala yenye mfano mmoja mwepesi: unapita kando ya kidimbwi, unamwona mtoto anazama, na kumtoa kutakugharimu nguo kuchafuka tope tu. Hakuna anayebisha kwamba ni lazima umtoe. Singer aliutumia mfano huo kudai kwamba wenye nacho wana wajibu kwa wenye njaa walio mbali, na mjadala wa nusu karne umeelekea huko. Lakini kidimbwi chake ni cha kina kifupi. Mwokoaji anaingia kwa miguu na kutoka kwa miguu. Tukihamia ufukwe wa Nungwi au mwalo wa Ukerewe, swali linageuka. Mtu mzima amesimama ukingoni, nia anayo, kuogelea hajui. Ana lawama? Wengi watajibu kwamba hana, kwa sababu hakuna anayetwishwa asichokiweza. Jibu hilo ni sahihi kwa dakika ile tu. Kutoweza kwake kulianza zamani, na mara nyingi kulianzia kwa jamii iliyokuwa na nafasi ya kumfundisha ikaacha. Ndiyo maana ninashikilia kwamba darasa la kuogelea katika klabu ya mtaa, lenye watoto asubuhi na wazee jioni, ni jambo la maadili na dini kabla ya kuwa jambo la michezo.

Wanazuoni wa usuli wa fiqhi wana kanuni mashuhuri: wajibu usipotimia ila kwa jambo jingine, jambo hilo nalo huwa wajibu. Swala haisihi bila udhu, kwa hiyo kutafuta maji ni sehemu ya deni la swala. Sasa, kuokoa uhai ni wajibu mzito kiasi kwamba mafaqihi wamemtaka mwenye kuswali aikate swala yake ili kumtoa anayezama. Lakini anayekata swala bila kujua kuogelea wala kurusha kamba, ataikata apate kufanya nini? Hukumu yenyewe inadai ujuzi uwepo kabla ya siku ya kuhitajiwa. Talmud ya Wayahudi, katika mlango wa Kiddushin, inataja mambo ambayo baba anadaiwa na mwanawe, na wapo humo wanaoongeza kumfundisha kuogelea, kwa hoja kwamba uhai wake huenda ukategemea hilo. Yapo pia mapokeo yanayomnasibishia Khalifa Umar bin Khattab agizo la kuwafundisha watoto kuogelea. Sanadi yake ina mjadala, lakini maana yake inakubaliana na kanuni hiyo.

Kwamba ujuzi huu unaokoa, ushahidi upo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji, zaidi ya asilimia 90 yao katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Nchini Bangladesh, ambako vijiji vimezungukwa na madimbwi, programu ya SwimSafe ilijenga majukwaa ya mianzi ndani ya madimbwi hayo na kufundisha watoto kuanzia miaka minne. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulikuta kwamba vifo vya kuzama miongoni mwa waliofundishwa vilikuwa pungufu kwa zaidi ya asilimia 90 kuliko vya wasiofundishwa. Kipimo cha kufaulu hakikuwa mbio wala medali: mtoto aogelee mita 25, aelee nusu dakika, na aweze kumwokoa mwenzake akiwa yeye mwenyewe yuko nchi kavu. Sharti la tatu lina hekima kubwa. Mfa maji haachi kutapatapa, na akimkamata mwokoaji asiye na mafunzo huzama wote wawili. Mwalimu mzuri huanza na kunyoosha upondo, kurusha kamba au dumu tupu lililofungwa vizuri; kuingia majini ni hatua ya mwisho.

Kwa sababu hiyohiyo wajibu huu hauishii kwa mtoto. Aliye karibu mtoto anapotumbukia ni mama, bibi au kaka mkubwa, na mvuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria yuko kazini usiku, mbali na ufuo. Kila rika lina nafasi ya kuokoa na ya kuokolewa. Iceland, kisiwa cha wavuvi, ililielewa hilo ikafanya kuogelea kuwa somo la lazima kwa sheria ya mwaka 1940. Mwaka 1909 YMCA, chama cha vijana Wakristo, ilianzisha Amerika Kaskazini kampeni ya kumfundisha kuogelea kila mwanamume na mvulana. Mkufunzi George Corsan akafundisha watu kwa makundi huko Detroit, wakifanyia mazoezi ya mikono na miguu nchi kavu kwanza. Lakini nchini Marekani, kwa miongo mingi, watu weusi walizuiwa kuingia mabwawa mengi ya kuogelea, na hadi leo watoto weusi wanakufa maji zaidi kuliko wenzao weupe. Kwa hiyo kutojua kuogelea si maumbile ya mtu wala ya kabila. Kunatokana na milango iliyofungwa, na aliyeufunga mlango anabeba sehemu ya lawama.

Muumini anaweza kupinga kwamba ajali haina kinga, siku ikifika imefika, na tena aliyekufa maji huhesabiwa miongoni mwa mashahidi. Pingamizi hili linastahili heshima, kwa kuwa limewafariji wafiwa wengi. Hata hivyo Umar huyohuyo, alipoarifiwa njiani kuelekea Sham kwamba tauni imezuka huko, alirudi Madina. Alipoulizwa kama anaikimbia kadari ya Mungu, alijibu kwamba anaikimbia kadari ya Mungu kuiendea kadari ya Mungu. Kujifunza nako ni kadari. Na hadithi zinazomhesabu shahidi aliyekufa maji zinamhesabu pia mwanamke anayefariki kwa uzazi, wala hakuna aliyefunga wodi ya wazazi kwa sababu hiyo. Daraja ya shahidi ni rehema kwa aliyeondoka. Haikuwekwa ili wanaobaki wapumzike.

Pingamizi la stara ni zito zaidi, maana linagusa heshima ya wasichana. Tarehe 10 Januari 2017 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua kesi ya wazazi Waislamu wa Basel, Uswisi, waliokataa binti zao wasome kuogelea pamoja na wavulana. Shule ilikuwa tayari kuwaruhusu wasichana kuvaa burkini, na mahakama ikaona haki ya dini haikuvunjwa. Nawaelewa wazazi wale, lakini naamini kuchagua kati ya stara na uhai si lazima. Kaskazini mwa Unguja, tangu mwaka 2011, Mradi wa Panje umewafundisha wasichana ndani ya bahari wakiwa wamevaa mavazi ya kuogelea yanayofunika mwili mzima, wakishikwa mgongo na walimu wanawake hadi wazoee kuelea. Klabu ikitenga saa za wanawake, yenye mkufunzi mwanamke na vyumba vya kubadilishia nguo vyenye faragha, stara inalindwa na msichana anajifunza.

Wapo pia watakaotaja MV Spice Islander, iliyozama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 kati ya Unguja na Pemba ikiwa imejaa kupita kiasi, na kuua mamia ya watu. Mwogeleaji gani angeushinda mkondo ule hadi pwani? Kweli, na masomo ya kuogelea hayamtoi lawamani mwenye chombo wala mkaguzi. Lakini baadhi ya walionusurika walishikilia magodoro hadi wakaokolewa, na anayejua kutulia na kuelea huongeza muda wa kufikiwa.

Basi yanayodaiwa yako wazi. Klabu yenye bwawa itenge saa za wasio na uwezo, iwasomeshe wavuvi na kina bibi kama inavyowasomesha watoto wa wanachama. Halmashauri ya mtaa itafute sehemu salama ya ufuo pasipo na bwawa. Msikiti na kanisa zilipe ada kutoka mfuko wa sadaka. Hii ni fardhi kifaya: wakiibeba wa kutosha, inawatoka wote, asipoibeba yeyote, dhambi ni ya wote. Waislamu wanaijua vizuri kwenye maziko, pale mtaa mzima unapokusanyika ndani ya saa chache kumwosha, kumswalia na kumzika aliyekufa maji. Ari hiyohiyo ndiyo anayoidai akiwa bado hai.