Siku ya Sherehe, Mtoto Yuko na Nani?



Mpendwa msomaji, mwezi huu tuongee juu ya jambo ambalo wanandoa wengi hulichukulia kuwa dogo: siku ya kuitoa familia nje kwenda kula na kufurahi. Tumezoea kusema kwamba ndoa hujaribiwa na magonjwa, ukosefu wa kazi na maneno ya wakwe. Ni kweli. Lakini ndoa hujaribiwa pia siku ya furaha, chakula kikiwa tele mbele ya macho. Mimi ni katekista, nawafundisha wachumba kila mwaka, na jambo hili lilinishinda mimi mwenyewe.

Sisi wa Mwakirunge tunajulikana zaidi kwa malori ya taka yanayopita kwenda jaani. Lakini huku ni shamba pia. Tunalima muhogo, mahindi na mbaazi. Kwa hiyo mwaka mmoja, kabla ya korona, niliwaahidi watoto wetu watatu kuwa tutakwenda Maonyesho ya Kilimo pale Mkomani, ile ambayo wao huiita "shoo". Walihesabu siku kama wanaongoja Krismasi.

Nilikuwa na shilingi 3,000 mfukoni. Mke wangu hakujua ni ngapi, nami sikumwambia. Yeye aliamka saa kumi ya usiku, akachemsha muhogo, akapika mbaazi za nazi, akavitia katika ndoo ndogo yenye mfuniko. Nilipoiona ile ndoo niliona haya. Nikamwambia, "Mama watoto, twaenda mahali kumejaa vyakula, wewe wabeba muhogo?" Hakujibu. Aliifunga ndoo kwa leso, tukaondoka.

Tulipofika, vikundi vya akina mama vilikuwa vimepanga vyakula vya kwetu: wali wa nazi, samaki wa kupaka, viazi karai, mboga za mnavu na mtsunga. Na hapo katikati, muhogo na mbaazi! Watu waliovaa vizuri walikuwa wakilipa pesa kula kile nilichokionea haya. Wala si ajabu. Mwaka 2021 shirika la UNESCO liliitaja kazi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya asili kuwa mfano mwema kwa nchi nyingine. Lakini mimi siku ile sikujifunza kitu. Nilikutana na marafiki wa zamani, nikamwambia mke wangu, "Naja sasa hivi," nikaenda nao kwenye nyama choma. Nilikaa karibu saa nzima.

Niliporudi nikauliza, "Mdogo yuko wapi?" Mke wangu akashtuka. Yeye alidhani kijana amenifuata mimi; mimi nilidhani amebaki na mama yake. Alikuwa na miaka sita. Ndugu msomaji, nikampigia kelele mke wangu mbele ya watu na mbele ya watoto: "Mama gani wewe?" Harufu ya nyama ilikuwa bado mikononi mwangu.

Tulimpata baada ya nusu saa kwenye banda la ng'ombe wa maziwa, mzee mmoja amemshika mkono. Tulishukuru Mungu, lakini katika matatu ya kurudi hakuna aliyesema neno. Usiku mke wangu akaniambia kwa upole, "Baba, mtoto tumempata. Lakini mimi uliniacha tangu asubuhi, na hukuja kunitafuta." Sikulala.

Nilichukua Biblia nikasoma Luka 2:41-52. Nimelifundisha somo hilo mara nyingi, lakini usiku ule lilinifundisha mimi. Yosefu na Maria nao walikwenda kwenye sikukuu na mtoto wao. Nao walimpoteza, kila mtu akidhani yumo katika msafara. Walimtafuta, wakampata Hekaluni baada ya siku tatu. Sasa angalia Maria anavyosema akimpata. Halaumu mume. Hasemi, "Nilijua Yosefu hamwangalii mtoto." Anamweleza Yesu kwamba baba yake na yeye mwenyewe wamemtafuta kwa uchungu, na anamtaja Yosefu kwanza. Uchungu wao ni mmoja. Hiyo ndiyo ndoa. Hata Familia Takatifu ilipatwa na shida safarini, lakini shida haikuwatenganisha.

Basi tusiogope kufurahi. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 14, Mungu mwenyewe aliwaagiza Waisraeli wale sehemu ya mavuno yao mbele zake, pamoja na jamaa zao, kwa furaha. Sherehe si dhambi. Ila itayarishwe kama watu wawili waliofanywa kuwa mwili mmoja.

Kwanza, zungumzeni habari ya pesa usiku wa kuamkia safari. Wekeni mezani zote mlizo nazo. Hesabuni nauli ya kwenda na kurudi, kiingilio na chakula. Zikiwa kidogo, waambieni watoto mapema. Mtoto aliyeambiwa ukweli nyumbani hatalia sana mbele ya bembea.

Pili, usidharau ndoo ya mwenzako. Katika ndoo ile kulikuwa na usingizi wa mke wangu.

Tatu, patanisheni nani anamshika mtoto yupi, na mahali pa kukutana mkipoteana. Mtoto ajue jina la baba, la mama, na namba ya simu. Usiondoke mpaka mwenzako amesema, "Ndiyo, ninaye."

Nne, kuleni pamoja. Ukikutana na rafiki, mlete asalimie familia yako. Rafiki anayekutaka umwache mke na watoto juani, huyo hakutakii mema.

Tano, likitokea kosa, tafuteni suluhisho kwanza. Lawama zingoje, na zisisemwe mbele ya watu. Papa Fransisko, katika waraka wake Amoris Laetitia wa mwaka 2016, alitukumbusha maneno matatu ya nyumbani: tafadhali, asante, samahani. Nami naongeza: ukimwaibisha mwenzako mbele ya watoto, samahani nayo isemwe mbele ya watoto. Mimi nilifanya hivyo kesho yake asubuhi. Haikuwa rahisi kwa mwalimu wa dini.

Nawe mama, ukiumia usinyamaze miezi. Sema kwa upole kama alivyosema wangu.

Mwaka uliofuata tulikwenda tena. Ndoo ilikuwepo, nami ndiye niliyeibeba.

Mjadili pamoja leo jioni: Je, ni lini mara ya mwisho tulitoka sote kama familia? Siku ile, kuna yeyote kati yetu aliyeachwa nyuma?

Familia Takatifu ya Nazareti, mtuombee.