Gandhi Bila Ambedkar

Filamu ya Gandhi, iliyoongozwa na Richard Attenborough na kutoka mwaka 1982, inaanza kwa kumtaka radhi mtazamaji: maisha ya mtu hayawezi kuenea katika simulizi moja. Ni kweli. Lakini filamu hiyo ina zaidi ya saa tatu, na kwa ajili ya mazishi pekee ilikusanya watu wapatao 300,000 mjini New Delhi. Nafasi haikuwa haba.

Ilizoa Oscar 8, na lawama pia. Mwandishi Salman Rushdie aliona mwanasiasa mjanja amegeuzwa mtakatifu. Wapakistani walichukizwa na Jinnah, mwasisi wa taifa lao, aliyechorwa mkavu na mwenye kiburi; mwaka 1998 ikatoka filamu ya Jinnah mwenyewe, akiigizwa na Christopher Lee.

Chini ya lawama hizo kuna swali zito zaidi: je, kunyamaza kunaweza kuwa uongo? Kila msimulizi huacha mengi, na hana kosa kwa kuacha tu. Kosa linaanza pale kilichoachwa kingeibadilisha hukumu ya msikilizaji.

Tazama tukio la choo. Kule Afrika Kusini, Kasturba, mkewe Gandhi, anakataa zamu ya kusafisha choo kwa kuwa hiyo ni kazi ya watu wanaohesabiwa najisi. Gandhi anamkamata mkono, anamburura hadi mlangoni, anataka kumfukuza. Kisha aibu inamwingia, anaomba radhi, na mkewe anamsamehe. Ben Kingsley anaimudu nafasi ya Gandhi vilivyo. Lakini habari za hao wanaohesabiwa najisi zinazungumzwa na mume na mke; wao wenyewe hawana sauti.

Sauti yao kuu ilikuwa B. R. Ambedkar, ambaye baadaye aliongoza kamati iliyoandika rasimu ya katiba ya India. Mwaka 1932 Uingereza ilikubali Wadalit, ndio hao waliohesabiwa najisi, wachague wawakilishi wao peke yao. Gandhi, akiwa katika gereza la Yerwada, akagoma kula kupinga jambo hilo. Ambedkar, akihofia watu wake wangelipiziwa kisasi iwapo Gandhi angekufa, akatia saini Mapatano ya Pune, yaliyoiacha haki hiyo. Filamu inaonyesha namna mfungo wa Gandhi ulivyozima ghasia. Mfungo huu uliomlazimisha mnyonge kurudi nyuma haumo, na Ambedkar hayumo kabisa.

Hapo kunyamaza kumekuwa uongo. Gandhi alikuwa mtu mkubwa, na ukubwa wake ungestahimili kusimamishwa mbele ya mpinzani mwenye haki. Atakayeitazama filamu hii na aitafute pia ile ya Jabbar Patel kuhusu Ambedkar, iliyotoka mwaka 2000, ambamo Mammootty anamwigiza huyo aliyelazimika kutia saini.